Jinsi ya Kutoa Fuwele Nano za Selulosi Kutoka kwenye Nyuzi za Mimea ya Ardhioevu

Shina la tete husimama wima katika upepo kwa sababu kuta za seli zake zimejengwa kwa minyororo ya selulosi iliyolala bega kwa bega, ikafungwa pamoja na hemiselulosi na kukazwa na lignini. Minyororo hiyo haikujipanga sawasawa kila mahali: ziko sehemu ambamo imebanana kwa utaratibu mkali hadi kuwa fuwele, na ziko sehemu ambamo imelegea. Asidi yenye nguvu huingia kwa urahisi penye ulegevu, huikata minyororo hapo, na kuacha vijiti vigumu ambavyo kwa mimea ya aina hii huwa na upana wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 4 hadi 10 hivi na urefu wa nanomita 100 hadi 300. Vijiti hivyo ndivyo fuwele nano za selulosi. Bengt Rånby, akiwa Uppsala nchini Uswidi, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 jinsi asidi salfuriki inavyoweza kuzitoa na kuziacha zimetawanyika katika maji bila kutuama, na njia inayotumika zaidi hadi leo imetokana na kazi hiyo.

Watu wengi wanaoanza kazi hii huelekeza hofu na uangalifu wao wote kwenye asidi. Hofu hiyo ni ya haki, kwani asidi ya ukolezi wa asilimia 64 huunguza ngozi na kupofusha macho. Hata hivyo, hatua yenyewe ya asidi huchukua chini ya saa moja, ilhali usafishaji wa nyuzi unaoitangulia huchukua siku kadhaa, na ni katika siku hizo ambapo ubora wa fuwele huamuliwa. Asidi haiwezi kusahihisha kosa la usafishaji, hulikuza tu. Kwa sababu hiyo nimezipa hatua za mwanzo nafasi kubwa katika mwongozo huu.

Mwongozo huu ni wa maabara yenye kabati la kufyonza mvuke, maji ya kutosha ya kuoshea macho, miwani ya kinga, glavu zinazostahimili asidi na mtu wa pili aliye karibu. Pasipo na vitu hivyo kazi hii isifanyike.

Kuchagua mmea na kuuvuna

Mimea ya ardhioevu inayofaa ni mingi. Matete, ambayo jina lake la kisayansi ni Phragmites australis, yana mashina magumu yenye selulosi nyingi, lakini pia yana lignini na silika, yaani madini yanayounda mchanga, ya kutosha kusumbua. Mimea ya Typha, yenye majani marefu na suke la kahawia linalofanana na mshumaa, hutoa nyuzi ndefu kutoka kwenye majani. Manyoya ya suke lake nayo yana selulosi, ila yamepakwa nta kiasi kwamba hukataa kulowana. Mafunjo yana ganda la nje lenye nyuzi imara na kiini laini chenye sponji, na ni vyema kuvitenganisha, kwa kuwa ganda na kiini haviivi kwa muda mmoja ndani ya alkali. Gugu maji lina lignini kidogo kuliko hayo yote, jambo linalorahisisha usafishaji, lakini karibu asilimia 95 ya uzito wake likiwa bichi ni maji, selulosi iliyomo katika kilichobaki ni chache, na hemiselulosi yake ni nyingi. Anayetaka gramu 100 za gugu maji kavu ajiandae kuvuna kilo mbili au zaidi za mmea mbichi.

Kwa anayeanza ningependekeza matete au majani ya Typha, kwa sababu mavuno yake hayayumbi sana kutoka fungu moja hadi jingine. Gugu maji linafaa zaidi pale ambapo linang'olewa kwa vyovyote vile kwa ajili ya kusafisha maji.

Matete na Typha yakatwe juu ya usawa wa maji. Mimea hii hupeleka hewa kwenye mashina yake ya ardhini kupitia mabua, hata yale yaliyokauka, na visiki vikifunikwa na maji mmea hukosa hewa na huweza kufa. Ardhioevu huchuja maji na huhifadhi viumbe wengi, na gramu chache za fuwele hazistahili kuliharibu tete zima. Chukua mashina na majani, acha mizizi. Zaidi ya kuulinda mmea, ipo sababu ya kikemia: mizizi ya mimea inayoishi kwenye matope hutoa oksijeni, oksijeni hiyo hugandisha chuma kilichoyeyuka kwenye udongo, na mizizi ikavaa tabaka lenye rangi ya kutu. Gugu maji huenda mbali zaidi na kukusanya metali nzito katika mizizi yake. Chuma hicho kikifika kwenye hatua ya kupausha kwa peroksaidi, kitaivunja peroksaidi kabla haijafanya kazi yake.

Kuosha, kukausha na kusaga

Osha mmea kwa maji yanayotiririka hadi maji yatoke bila tope, kisha uukate vipande vya sentimita mbili au tatu. Vikaushe kivulini au katika oveni yenye joto la sentigredi 50 hadi 60 mpaka uzito usibadilike tena. Visage na kuchekecha, ukichukua unga unaopita kwenye chekeche la takriban milimita moja, na vumbi laini kabisa ulitupe, kwa kuwa huziba vichujio na mara nyingi ndimo mchanga na silika vinamojificha.

Tabia moja ya mimea hii huwashangaza waliozoea pamba au mbao. Tishu zake zimejaa mifereji ya hewa, hivyo unga wake ni mwepesi, hujaza chombo upesi, na huelea juu ya kimiminika badala ya kuzama. Gramu 50 za Typha zitahitaji chombo kikubwa kuliko gramu 50 za pamba, na kikorogeo cha sumaku hakitoshi. Tumia kikorogeo cha mota chenye pangaboi linaloingia kutokea juu, ama uache unga ulowe usiku mzima katika maji ya moto kabla ya kuanza. Mlowo huo huondoa pia sukari, wanga na chumvi zinazoyeyuka.

Majani yana nta. Maabara nyingi huiondoa kwa mchanganyiko wa toluini na ethanoli kwa uwiano wa 2:1 katika kifaa cha Soxhlet, kinachopitisha kiyeyushi kwenye sampuli tena na tena, kwa muda wa saa sita au zaidi. Toluini ni sumu, na kwa mashina ya matete yaliyochambuliwa majani nimeona ethanoli peke yake ikitosha. Kwa majani ya Typha usiiruke hatua hii, kwa sababu nta inayobaki huzuia alkali isipenye na huja kuonekana baadaye kama utando wa mafuta juu ya maji.

Kuondoa hemiselulosi na lignini

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Andaa mmumunyo wa haidroksaidi ya sodiamu wa asilimia 4 kwa uzito, yaani gramu 40 ndani ya gramu 960 za maji, ukiongeza chembe za alkali kwenye maji kidogo kidogo kwa sababu joto hupanda. Kwa kila gramu moja ya unga mkavu tumia mililita 20 hadi 25 za mmumunyo. Pasha moto hadi sentigredi 80, koroga kwa saa mbili, chombo kikiwa kimefunikwa ili hewa isiingie sana, kwani oksijeni katika alkali ya moto huishambulia selulosi yenyewe. Kimiminika kitageuka kahawia iliyokolea. Chuja, osha kwa maji ya moto, kisha rudia. Kwa matete mara tatu ni kawaida. Kwa gugu maji mara mbili hutosha. Dalili ya kuacha ni kwamba kimiminika cha mara ya mwisho kina rangi ya chai hafifu.

Wapo wanaojaribu kufupisha safari kwa kuongeza ukolezi wa alkali. Usifanye hivyo. Ukolezi ukikaribia asilimia 10 na kuendelea, alkali huanza kuingia ndani ya fuwele zenyewe, huzivimbisha, na baada ya kuoshwa minyororo hujipanga upya kwa mtindo mwingine unaoitwa selulosi ya aina ya pili. Mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Fuwele utakazopata zitakuwa na umbo na tabia tofauti na ulizokusudia, na hutajua hadi siku ya kupima kwa eksirei. Alkali hafifu iliyorudiwa mara kadhaa ndiyo njia salama, na ina faida ya pili kwa mimea hii, kwamba alkali ya moto huyeyusha pia sehemu kubwa ya silika.

Baada ya alkali nyuzi huwa za kahawia au za njano. Lignini iliyobaki huondolewa kwa kupausha, na kuna njia mbili zinazotumika zaidi.

Njia ya kwanza ni kloraiti ya sodiamu. Changanya kwa vipimo sawa mmumunyo wa kloraiti wa asilimia 1.7 na bafa ya asetati, yaani mmumunyo unaozuia pH isiyumbe, ambayo huandaliwa kwa gramu 27 za haidroksaidi ya sodiamu na mililita 75 za asidi asetiki kali katika lita moja ya maji. Chemsha nyuzi humo kwa sentigredi 80 kwa saa nne, osha, kisha rudia hadi ziwe nyeupe. Matokeo yake ni mazuri sana. Tatizo lake ni gesi ya klorini dioksaidi, ya rangi ya njano ya kijani, ambayo ni sumu na huweza kulipuka ikijikusanya. Kwa hiyo kazi hii hufanyika ndani ya kabati la kufyonza mvuke pekee, na chombo kisizibwe kabisa.

Njia ya pili ni haidrojeni peroksaidi katika alkali. Tumia peroksaidi ya asilimia 2 hadi 4, rekebisha pH iwe karibu 11.5 kwa haidroksaidi ya sodiamu, na koroga kwa sentigredi 50 hadi 60 kwa saa mbili au tatu, ukirudia inapobidi. Kabla ya kuanza ondoa metali: loweka nyuzi katika mmumunyo hafifu wa EDTA, kemikali inayonasa metali, wenye pH kati ya 5 na 7, kwa joto la sentigredi 60 hadi 70 kwa dakika 30 hadi 60, kisha uoshe vizuri. Kwa mimea ya nchi kavu baadhi ya watu huiacha hatua hii na hawapati hasara kubwa. Kwa mimea iliyokulia kwenye matope yenye chuma na manganizi mambo ni tofauti: ukiiacha utaona mapovu mengi ya oksijeni dakika za mwanzo, kisha ukimya, na nyuzi zikiwa bado za njano.

Mimi hupendelea peroksaidi, kwa kuwa mabaki yake ni maji na oksijeni, ingawa weupe wake mara nyingi hubaki nyuma kidogo ya ule wa kloraiti. Inapotakiwa fuwele safi kabisa kwa ajili ya vipimo vya macho, kloraiti ina haki ya kupewa nafasi ya kwanza.

Weupe unaoonekana kwa macho si ushahidi wa kutosha. Chukua nyuzi kidogo, zidondoshee mmumunyo wa florogusinoli katika asidi haidrokloriki, na usubiri dakika chache. Rangi nyekundu au ya waridi iliyokolea maana yake lignini bado ipo, na nyuzi zirudi kwenye kupaushwa. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na cha haraka, na nimekuta kuwa kimeokoa mafungu mengi ambayo vinginevyo yangepelekwa kwenye asidi mapema mno. Lignini na hemiselulosi zinazobaki ndizo zinazogeuza mchanganyiko wa asidi kuwa wa kahawia au mweusi, na rangi hiyo haioshwi ikaisha.

Nyuzi zilizopaushwa zisikaushwe kwa joto kali. Zikikauka kwa sentigredi 105 vinyweleo vyake hujifunga, kuta hushikamana, na asidi itakayokuja itaingia kwa kusuasua upande mmoja na kupitiliza upande mwingine. Zikamue, zikaushe kwa sentigredi 40, kisha zichambuliwe kwa mashine ya kusagia mpaka zifumke kama pamba. Chukua kipande kidogo tu ukikaushe kwa sentigredi 105 ili kujua kiasi cha maji kilichobaki, maana utakihitaji katika hesabu inayofuata. Kama ulianza na gramu 100 za mmea mkavu, huenda sasa una gramu 30 hadi 40 za nyuzi nyeupe.

Hatua ya asidi

Ukolezi wa asidi ndicho kipimo chenye mlango mwembamba kuliko vyote. Chini ya asilimia 58 hivi nyuzi hazivunjiki vya kutosha, na ukikaribia asilimia 70 selulosi huvimba na kuyeyuka kabisa. Asilimia 64 kwa uzito imethibitika kuwa mahali pa kuanzia, kwa joto la sentigredi 45 na muda wa dakika 45.

Kwa gramu 10 za nyuzi andaa gramu 200 za asidi ya asilimia 64. Zinahitajika gramu 128 za asidi halisi. Kama asidi ya dukani ni ya asilimia 98, hiyo ni gramu 130.6, sawa na mililita 71, na maji ni gramu 69.4. Ujazo wote utakuwa mililita 130 hivi. Weka maji kwanza kwenye bika iliyokaa ndani ya beseni la barafu, kisha mimina asidi polepole kwa mkondo mwembamba huku ukikoroga. Asidi huenda kwenye maji. Maji hayaendi kwenye asidi kamwe, kwa sababu joto linalotokea ghafla huweza kuyachemsha na kurusha asidi usoni. Acha mmumunyo upoe, uupeleke kwenye beseni la maji yenye joto la sentigredi 45, na usianze kabla kipimajoto kilicho ndani ya asidi yenyewe hakijasoma hivyo.

Unyevu wa nyuzi uhesabiwe. Ikiwa gramu 10 za nyuzi zimebeba gramu 10 za maji ambayo hayakuhesabiwa, asidi itashuka kutoka asilimia 64 hadi 61, na fungu hilo litatoa mavuno hafifu bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana nimesisitiza kukausha kwa joto dogo badala ya kutumia nyuzi mbichi.

Ongeza nyuzi kidogo kidogo kwa muda wa dakika mbili au tatu, ukikoroga kwa nguvu. Mwanzoni mchanganyiko utakuwa mzito kama gundi, kisha utalegea kadiri nyuzi zinavyovunjika. Rangi inayokubalika ni ya pembe ya ndovu au njano hafifu. Ukiona kahawia inaingia, ama joto limepanda ama usafishaji haukukamilika. Katika hali zote mbili simamisha kazi mapema kuliko ulivyopanga. Kwa mmea ambao hujawahi kuutumia, fanya mafungu matatu madogo kwa dakika 30, 45 na 60, uyalinganishe. Muda mfupi mno huacha vipande vikubwa vinavyotuama, na mrefu mno hufupisha fuwele na kugeuza sehemu ya selulosi kuwa sukari.

Muda ukifika, mimina mchanganyiko wote ndani ya maji baridi ya mara kumi, yaani lita 1.3 kwa fungu hili, yakikorogwa wakati wote. Kitendo hiki ndicho kinachosimamisha mmeng'enyo, kwa hiyo maji yawe tayari kabla ya kuanza, yakiwa yamewekwa barafu.

Kuosha asidi

Asidi salfuriki hufanya kazi mbili: hukata minyororo, na pia hupachika vikundi vya salfati kwenye uso wa fuwele. Vikundi hivyo vina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana, na ndiyo sababu fuwele hubaki zimetawanyika majini bila kuganda. Asidi haidrokloriki hukata minyororo vilevile, lakini haiachi chaji hiyo, na fuwele zake hushikamana na kutuama.

Kuelewa jambo hili huokoa mavuno. Mara tu baada ya kuzimuliwa, maji bado yamejaa ioni, ioni huzifunika chaji za fuwele, na fuwele hutuama chini. Acha chombo usiku mmoja, kisha mimina maji ya juu yaliyo angavu. Weka mashapo kwenye mashine ya sentrifuji kwa dakika 10 kwa nguvu ya mara 5,000 hadi 10,000 ya mvutano wa dunia, mwaga maji ya juu, ongeza maji yaliyokenekwa, tikisa, rudia. Katika mzunguko wa pili au wa tatu maji ya juu hayataangaza tena. Yatabaki na ukungu mweupe. Ukungu huo ndio fuwele zenyewe, kwani ioni zimepungua na msukumano wa chaji umerudi. Hapo acha kumwaga. Wengi walioanza bila mwalimu wamemwaga matunda ya wiki nzima katika dakika hiyo wakidhani wanaosha uchafu.

Asidi iliyobaki huondolewa kwa dayalisisi, yaani kuiacha ipenye kwenye utando unaozuia fuwele zisitoke. Jaza mchanganyiko kwenye mfuko wa utando wenye mpaka wa daltoni 12,000 hadi 14,000, ukiacha nafasi ya robo kwa sababu maji huingia ndani, na uuzamishe kwenye chombo kikubwa cha maji yaliyokenekwa. Badilisha maji mara mbili kwa siku. Kazi huisha pale pH na upitishaji umeme wa maji ya nje, baada ya kukaa saa kadhaa, vinapolingana na vya maji mapya. Mara nyingi ni siku tatu hadi saba. Hakuna njia ya mkato hapa, na asidi kidogo inayobaki huendelea kuzila fuwele ndani ya chupa.

Kutawanya na kupima

Fuwele zilizotoka kwenye dayalisisi bado zimeshikana mafungumafungu. Weka bika kwenye barafu, ingiza kichwa cha mawimbi ya ultrasauti, na uendeshe kwa dakika 5 hadi 10 kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko, maana joto huvunja vikundi vya salfati. Kichwa hicho cha titani humwaga chembe ndogo za metali, kwa hiyo pitisha mchanganyiko kwenye sentrifuji kwa muda mfupi au kwenye kichujio cha nyuzi za kioo. Silika iliyokuwa imejificha hadi sasa nayo hubaki hapo.

Mchanganyiko mzuri una rangi ya buluu hafifu ukiangaliwa dhidi ya mandhari nyeusi. Uweke kati ya vichujio viwili vya polarizesheni vilivyopishanishwa, tikisa chupa, na uangalie: kanda za mwanga na rangi zinazotiririka ni dalili kwamba vijiti vimetengana na vinajipanga kufuata mkondo. Ni kipimo cha sekunde chache, na sijaona kingine kinachompa mtu furaha kama hicho baada ya siku nyingi za kuosha.

Mavuno hupatikana kwa kukausha ujazo unaojulikana. Ikiwa mililita 20 zilizokaushwa kwa sentigredi 105 zimeacha gramu 0.12, na una mililita 600 kwa jumla, unazo gramu 3.6, sawa na asilimia 36 ya gramu 10 ulizoanza nazo. Kati ya asilimia 20 na 50 ni matokeo ya kawaida.

Kwa vipimo vya kina, hadubini ya nguvu za atomu huonyesha umbo, lakini upana usomwe kutoka kwenye kimo cha fuwele, kwani ncha ya kifaa hukuza vipimo vya ubavuni. Vifaa vinavyokadiria ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga hudhani kila chembe ni tufe, hivyo namba yake si urefu wa kijiti. Itumie kulinganisha mafungu tu. Katika kipimo cha eksirei zinazotoka kwenye shaba, selulosi ya asili huonyesha kilele karibu na pembe ya digrii 22.6 na bonde karibu na digrii 18, na kwa njia ya Segal ya mwaka 1959 kiasi cha ufuwele hukadiriwa kwa kutoa kimo cha bonde kutoka kwenye kimo cha kilele na kugawa kwa kimo cha kilele. Vilele vikijitokeza kwenye digrii 12 na 20, alkali au asidi yako ilizidi. Chaji ya uso, ikipimwa kama potenshali ya zeta, iwe hasi kupita milivolti 30 ili mchanganyiko udumu bila kuganda.

Kuhifadhi

Hifadhi kwenye jokofu la sentigredi 4, isigande. Fuwele zenye ioni za haidrojeni hupoteza salfati polepole kadiri muda unavyopita. Kwa uhifadhi mrefu ongeza haidroksaidi ya sodiamu hafifu hadi pH ifike 7. Fuwele za namna hii, hata zikikaushwa kwa barafu na ombwe, hutawanyika tena majini, ilhali zile za asidi zikikauka kabisa hushikamana na hazitengani tena. Hustahimili pia joto kubwa zaidi, jambo muhimu kwa anayetaka kuzichanganya na plastiki.

Taka

Maji ya kwanza yaliyomwagwa yana karibu asidi yote uliyoanza nayo. Gramu 128 za asidi salfuriki huhitaji gramu 219 hivi za bikaboneti ya sodiamu ili zitulie, na hutoa zaidi ya lita 60 za gesi ya kaboni dioksaidi. Kwa hiyo tumia ndoo kubwa iliyo wazi, ongeza kidogo kidogo, na usifunge chombo. Chokaa iliyozimwa, gramu 97, hufanya kazi hiyo bila povu na huacha jasi inayoweza kuchujwa.

Kimiminika cha kahawia cha hatua ya alkali kinaweza kutulizwa kwa asidi hiyo hiyo iliyotumika, ukiipima kwa karatasi za pH, na sehemu ya lignini itajitenga kama mashapo ya kahawia yanayoweza kuchujwa. Kimiminika cha kloraiti kisiongezewe asidi nyingine hata kidogo, maana kitatoa klorini dioksaidi. Kiwekwe kwenye chombo chake chenye lebo, na kabla ya kukabidhiwa kwa wanaoshughulikia taka za kemikali kiongezwe thayosalfati ya sodiamu kidogo kidogo hadi karatasi ya iodidi ya potasiamu na wanga isigeuke buluu. Maji ya dayalisisi, kuanzia siku ya pili pH yake inapopita 6, yanaweza kumwagwa kwenye sinki.